Chini ya Jogoo wa Bati

Maiti ya Lambert ilikuwa imelazwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Kapteni Kidawa Mofokeng tangu alipoinama kupita chini ya utepe wa polisi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku chache baada ya Pasaka ya mwaka 2018, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeanza kuuma masikio. Lambert, mtu wa Kongo, alikuwa mlinzi wa lango kuu la uwanja wa maonyesho. Mtu aliyevamiwa na majambazi huachwa jinsi alivyoanguka. Huyu alikuwa amenyooshwa chali, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, na kidevu kimekazwa kwa kitambaa kilichozunguka uso hadi utosini. Toka kifuani mpaka miguuni alifunikwa kitenge cha buluu chenye maua ya manjano. Hata viatu vyake vilipangwa kando.

"Eish," alisema Sajenti Thabo, msaidizi wake. "Jambazi gani huyu anayemlaza mtu kama mtoto?"

"Si jambazi. Piga picha ya mikono. Hicho kitambaa cha kidevuni usikiguse mpaka nikitazame."

Akakitazama. Kilikuwa kipande chembamba cha bitana nyeupe, na kingo zake zilikatwa kwa menomeno kama msumeno. Kidawa aliwahi kuona kidevu kimefungwa hivyo mara moja tu, Morogoro, siku bibi yake mzaa mama alipofariki. Yeye alizaliwa huko. Baba yake alikuwa mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania wakati wa mapambano, mama yake Mluguru. Walipohamia Afrika Kusini Kidawa alikuwa msichana mdogo, na Kiswahili walikihifadhi nyumbani. Ndiyo maana kila kesi iliyogusa watu wa Kongo ilitua mezani kwake, atake asitake.

Juu ya maiti alisimama jogoo. Alikuwa wa bati, mrefu kupita paa la nyumba, amepandishwa kwenye msingi wa zege wenye ngazi, na kila mwaka alipakwa rangi nyekundu upya. Serikali iliyaita Maonyesho ya Jimbo. Watu wa Bertrams, wa Jeppestown, mpaka wale wa Observatory kule kilimani, waliyaita Maonyesho ya Jogoo, basi. Ng'ombe wa tuzo, matrekta, keki za mashindano, bembea za umeme, watoto wanalia wanataka kurudia. Thabo alilishwa pamba ya sukari ya kwanza hapa. Kidawa aliletwa hapa na baba yake Pasaka ile ile waliyofika nchini, na baba akalia mbele ya banda la kondoo bila kusema sababu.

Sasa uwanja umeuzwa. Patajengwa maghorofa ya vioo na maduka, na maonyesho yanahamishiwa kusini, ng'ambo ya vilima vya mchanga wa migodi, mahali ambapo teksi ya mwisho huondoka jua bado liko juu. Nani atampeleka mwanawe huko? Lakini waliopitisha uamuzi wana magari yao, kwa hiyo swali hilo halikuwasumbua.

Kreni ilikuwa imeshafika. Msimamizi wa kampuni ya ujenzi alisogea, kofia ya plastiki kichwani, simu mkononi.

"Kapteni, nina kibali cha kumshusha jogoo leo. Kreni hii inatakiwa kwingine mchana."

"Itangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka huyu bwana aondoke kwanza. Yeye hana haraka."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa zege. Damu ilikuwa imegandia kwenye boliti moja nene iliyochomoza chini ya ngazi.

"Kisogo kimepasuka," alisema. "Pigo moja. Alianguka kinyumenyume kutoka ngazi hizi. Jana jioni, si usiku."

"Aliteleza?"

"Tazama kifuani. Alama mbili nyekundu. Alisukumwa kwa mikono miwili, na mikono yenyewe si mikubwa."

"Kisha akanyooshwa."

"Muda mfupi baadaye, kabla hajakakamaa. Aliyefanya kazi hii anaijua."

Kabla ya saa sita Thabo alikuwa ameshapata mtu wa kumleta kituoni. Parfait, mwenyekiti wa wauzaji wa uwanjani, kijana wa Bukavu mwenye mabega mapana, muuzaji wa viazi vya kukaanga na soseji. Siku ya mwisho ya maonyesho alisimama langoni akamwambia Lambert, mbele ya kadamnasi, kwamba atamuua.

"Ulisema hukusema?" Kidawa aliuliza.

"Nilisema, Mama Kapiteni. Mutu akikasirika anasema mengi."

"Ulikasirikia nini?"

"Alitufungia mulango. Bintu yetu yote ikabaki ndani, meza, mitungi ya gazi. Na yeye ni mutu wa kwetu! Nilimuambia, Lambert, unatufanya sawa vile hautujui?"

"Akajibu nini?"

"Eti amri ya wakubwa. Walimuahidia kazi kule uwanja mupya. Akapaka midomo mafuta, akatusahau."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kanisani Bertrams, kwa mazoezi ya kwaya. Nilipiga gitaa mpaka vidole vikaniuma. Uliza pasta."

Thabo alikuwa ameshamuuliza. Pasta alimwona, kwaya nzima ilimwona, na jirani asiyependa gitaa alimsikia. Kidawa akatoa picha ya kitenge.

"Hiki unakijua?"

Parfait alikitazama, mabega yakashuka. "Ni ya wamama wa kanisa letu. Walinunua wote moja kwa sikukuu ya wanamuke, Machi. Iko mingi."

"Kwa hiyo yeyote angeweza kukiacha pale."

"Yeyote mwenye bwana."

Kidawa aliinua macho. "Kwa nini mwenye bwana?"

"Kwetu mama akiolewa anavaa bikwembe mbili, nyiye munaita vitenge. Moja anafunga kiunoni, ya pili anafunga juu yake. Akitoka na moja, watu watasema huyu hana mutu, au ni mujane. Hii ya picha ni ile ya juu, tazama namna imekunjamana kwa fundo. Mama mwenyewe aliivua mwilini akamufunika nayo."

Miaka yote Kidawa alikuwa amewaona wanawake hao wakipita Bertrams na vitenge viwili viwili, akadhani ni mtindo tu, au baridi. Kumbe ni cheti cha ndoa kinachotembea.

"Lambert alikuwa na mke?"

"Hapana. Alikuwaka anakula kwa Mama Marcelline, fundi wa nguo, yule mwenye cherehani inje ya lango. Kila siku miaka yote. Lakini si vile unafikiria, Mama Kapiteni! Mama Marcelline ana bwana. Huyo hajawahi kutoka na kikwembe moja hata siku moja."

"Huyo bwana yuko wapi?"

Parfait alijikuna shingo. "Mama angali anamungojea," alisema.

Jumamosi Kidawa alikwenda msibani bila sare, na pakiti mbili za sukari kama mama yake alivyomfundisha. Lambert alikuwa amepanga chumba cha uani Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park, na ua ule ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa kwenye viti vya kanisa, wanawake kwenye mikeka, masufuria motoni. Kidawa alikaribishwa mkekani kando ya Arlène, msusi, mwanamke wa maneno mengi.

"Tumebaki yatima wa lango," Arlène alisema. "Lambert amekufa, jogoo anashushwa, wateja wangu wa Pasaka ndio basi tena."

Kidawa aliitikia huku macho yakitembea. Wenye waume walivaa viwili. Wasichana walivaa kimoja. Karibu na moto alikuwapo mwanamke wa makamo, mwembamba, amenyooka kama sindano, anakata kabeji bila kuinua kichwa. Alikuwa na blauzi ya buluu yenye maua ya manjano. Kiunoni alifunga kitenge kimoja.

"Yule nani?"

"Mama Marcelline." Arlène alishusha sauti. "Umeona, eh? Sisi pia tumeona. Tumenyamaza, lakini moyoni tumefurahi. Miaka hii yote tunamuambia, mama, huyo Ignace alikufa kwa njia, vaa ujane, pumzika. Anakataa kata kata. Leo amekuja na kimoja. Labda kifo cha Lambert kimemufungua macho."

"Hana vingine nyumbani?"

"Yeye? Fundi mzima! Ana sanduku limejaa."

Kidawa akainuka. Roho ilimuuma kabla hajafika motoni, maana alitamani awe amekosea.

"Pole na msiba, mama."

"Asante, binti yangu. Kaa ule."

"Nitakula baadaye. Mkasi wako wa menomeno uko wapi, mama?"

Kisu kilisimama juu ya kabeji. Marcelline alifuta mikono, akavuta kikapu chake, akatoa mkasi umefungwa kwa kitambaa cheupe cha bitana kilichokatwa upande mmoja.

"Nilikufungia," alisema. "Nilikuona ukiingia. Niache kwanza nikoroge mufuniko wa chumvi kwa sufuria hii, wasikule kabeji bila chumvi."

Kidawa akangoja chumvi ikorogwe.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na dirisha la nondo. Kidawa alimsomea haki zake kwa Kiswahili: anaweza kunyamaza, anaweza kuitiwa wakili, lolote atakalosema litaandikwa. Thabo aliwasha kinasa sauti. Hakujua Kiswahili, lakini alikataa kutoka.

"Sitaki kunyamaza," Marcelline alisema. "Nimenyamaza sana."

"Ulikuwa langoni Alhamisi jioni?"

"Nilikuwa. Kila siku niko."

"Una vitenge sanduku zima. Leo umevaa kimoja. Kwa nini?"

Hilo swali lilimpata. Marcelline alishika kiuno chake, mahali pa fundo lisilokuwapo.

"Bwana yangu anaitwa Ignace," alianza. "Kwetu ni Kalemie. Ukutani kwetu kulikuwa kalenda ya watu wa matrekta, na picha yake ilikuwa hii lango, na huyu jogoo. Vita vilipoingia, tukasema tunakimbia mpaka Joburg. Joburg hatukujua nyumba moja, hatukujua mutu. Ignace akasema, Marcelline, tukipotezana kwa njia, kila mutu aende kwa jogoo. Jogoo ni mukubwa, hawezi kupotea."

"Mkapotezana."

"Kwa mpaka, kwa muto Limpopo. Wale wavushaji walitugawa, wanaume huku, wanawake huku. Miye nilivuka. Nikauliza jogoo, jogoo, mpaka mutu mmoja wa Jeppestown akanionyesha. Nikaweka cherehani pale. Watu walisema nenda Cape Town kuna kazi. Nenda Kanada, kanisa litakupeleka. Nitaenda aje? Nikienda, Ignace akifika atakuta nani?"

"Na Lambert?"

Mikono yake ikaanza kukunja pindo la blauzi.

"Lambert alikuwaka ndugu. Nilipika, alikula. Mvua ikinyesha aliingiza cherehani yangu ndani ya lango. Nilijua ananipenda, siye hatuko watoto. Lakini hakusema, nami sikusema. Tulikaa vile vizuri."

"Mpaka Alhamisi."

"Alhamisi aliniita kwa ngazi, pale chini ya jogoo. Akasema kesho wanamushusha. Akasema, Marcelline, nimepata kazi uwanja mupya, kuna nyumba ndogo ya mulinzi, tuende wawili, nikuoe. Nikacheka. Nikamuambia, Lambert, nina bwana. Njoo tuandike kwa ukuta na rangi, kubwa, ya kwamba Marcelline amefuata jogoo kusini, ili Ignace asipotee. Nilibeba rangi, iko kwa kikapu mpaka leo. Alitazama ile rangi. Akaanza kulia."

Kidawa aliweka kalamu mezani.

"Akasema, usiandike. Alikuja."

"Nani alikuja?"

"Ignace! Ignace alikuja, mama!" Sauti yake ilipasuka, na Thabo akasimama bila kujua kwa nini. "Ule mwaka nililala hospitali na tumbo. Alifika langoni, amekonda, anachechemea. Akauliza mwanamuke wa Kalemie. Lambert akamuambia, huyo ameolewa, ameenda Durban na bwana wake. Ignace akaketi kwa ngazi muda mrefu. Akaomba maji. Lambert akamupa maji. Akaenda. Nilitoka hospitali, Lambert akanipokea na mkate na chai, akaniuliza tumbo linaendeleaje. Tangu siku ile alikula chakula changu akijua."

"Ndipo ukamsukuma."

"Nilimuuliza, alienda wapi? Akasema, 'Alienda...' Alikuwa ananiambia, unasikia? Mudomo ulikuwa wazi, neno lilikuwa njiani. Na mikono yangu ilikuwa imeshamusukuma." Aliitazama mikono hiyo mezani. "Nimengoja miaka yote. Neno moja, nikashindwa kungoja. Nilimushika kichwa nikamuambia, Lambert, sema. Kwanza sema, halafu ukufe. Hakusema."

Thabo alimgusa Kidawa begani, akamuuliza kwa sauti ndogo mama amesema nini. Kidawa akamwashiria angoje.

"Kwa nini ulimlaza vile?" akauliza. "Ungekimbia, nisingekujua."

"Nani mwingine alikuwa naye hapa? Mama yake yuko Likasi, hajui hata simu. Nilimuchukia, na sikuweza kumuacha kama mbwa. Nilimufunga, nikamufumba macho, nikamuombea, ndiyo, nikamuombea huku namulaani. Hakukuwa na kitu cha kumufunika, nikavua kikwembe ya juu. Nilikuwa navaa sababu ya Ignace, ili siku akinikuta aone kwa mbali kwamba bado niko bibi yake. Sasa Ignace anajua niko na bwana Durban. Nivae mbili sababu ya nani?"

Kidawa aliandika maelezo hadi mwisho, akamsomea, naye Marcelline akatia sahihi. Shtaka lingekuwa kuua bila kukusudia. Alimweleza hivyo polepole, na Marcelline akaitikia kama anayeelezwa njia ya kwenda sokoni. Thabo alizima kinasa sauti.

"Mama Kapiteni, polisi munaweza kutafuta mutu?"

"Tunaweza kujaribu. Anafananaje?"

Uso wa Marcelline uligeuka. Alimweleza Ignace mrefu, kifua kipana, nywele nyeusi tii, meno meupe, anayeruka mitaro bila kuangalia chini. Alikuwa akieleza kijana wa miaka thelathini. Huyo kijana kwa sasa lazima ana mvi, na Lambert alisema anachechemea. Kidawa aliandika yote alivyoambiwa, hakumrekebisha.

"Mukimupata, mumuambie niko hapa. Polisi kila mutu anaijua, akiuliza ataonyeshwa. Hapa hawawezi kujenga maghorofa, ao siyo?"

Angeweza kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na kila mtu angelala vizuri.

"Jumatatu unapelekwa mahakamani, mama. Baada ya hapo utahamishwa mahabusu ya gereza. Gereza lipi, sijui bado."

Marcelline alihesabu siku kwa vidole. Kisha akainama mezani, na kwa mara ya kwanza tangu msibani hofu ikamwingia machoni waziwazi.

"Na akikuja ile Jumatatu yenyewe? Akifika hapa nimeshaondoka, nani atamuambia?"

"Mimi," Kidawa alisema. "Nitamwambia mimi."

Marcelline alimpima kwa macho, kama fundi anavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa. Akavuta kiti karibu na kuanza kumweleza Ignace upya, polepole, kutoka miguuni kupanda juu, ili Kapteni asije akamfananisha na mtu mwingine.